Karatasi Katika Sanduku la Balozi

Mimi nikiona kitu kimefungwa, mkono unaniwasha. Nilizaliwa hivyo Pangani, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikafika hivyo hivyo Annandale, Virginia, kuja kulea watoto wa baba yangu mdogo. Kwa hiyo bibi mmoja Mmarekani wa ng'ambo ya barabara aliponiambia kwamba sanduku la bati lililokuwa nyumbani kwake, chini ya picha ya mzee mwenye ndevu za mashavuni, halijafunguliwa tangu mumewe afariki, alikuwa amekwisha kuniteka.

Lakini siku hizo nilikuwa na jambo jingine lililoninyima raha, na afadhali niliseme mapema. Pasipoti yangu sikuwa nayo. Baba mdogo aliichukua siku niliyotua, pale pale uwanja wa ndege, akaitia mfuko wa koti na kusema, "Nikutunzie, huku vitu hupotea." Nikamshukuru. Mwaka na nusu baadaye chuo cha hapo Annandale kilinikubali kusoma unesi, kwa sharti moja tu: nipeleke pasipoti kwenye dirisha la usajili kabla halijafungwa Ijumaa ya mwisho ya Januari. Nisipoipeleka, nafasi yangu anapewa mwingine.

Baba mdogo ni binamu wa baba, na kwetu hilo linatosha kumwita baba. Alikuwa wakili Dar es Salaam kabla hajapelekwa ubalozini Washington, na uwakili haukumtoka. Watoto wakigombania rimoti alisikiliza kwanza upande huu, kisha upande ule, ndipo akatoa hukumu, nao wakamjibu kwa Kiingereza kwamba si haki. Hakuwa mtu mbaya. Nilikula alichokula, na nilipougua kifua alinipeleka kwa daktari mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima akinisubiri. Ndiyo maana kumdai kitu kulinitia haya.

Hata hivyo nilimwomba, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilimpikia vitumbua Jumapili. Nikampa shikamoo yake, nikamuuliza habari za kazi, za mgongo wake, za baridi. Nikampa salamu zilizokuja na barua ya nyumbani, moja moja, mpaka za majirani. Nikamwombea dua. Kisha nikasema chuo cha hapa kinasifiwa, na Mungu akijalia hata mimi siku moja, na kwamba siku hizi wanapenda sana kuona vitambulisho vya mtu. "Inshallah," akasema, akachukua kitumbua cha tatu. Nilitoka sebuleni nikijiona nimeomba. Mara ya pili ilikuwa kabla ya Krismasi, nayo ilikwenda vivyo hivyo, isipokuwa zilikuwa sambusa.

Aliyenicheka ni dada mmoja Mkenya, mtu wa bara, aliyekuwa akija kila siku kwa gari kutoka mji wa Laurel kumhudumia yule bibi: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji wa shayiri. Watoto wakiwa shuleni nilivuka barabara kumsaidia na kupiga naye soga.

"Hebu rudia pole pole," aliniambia. "Hapo uli-ask nini?"

"Pasipoti."

"Wapi? Mimi nimeskia tu mgongo wa uncle yako na salamu za majirani. Kama ni mimi ningedhani umeniletea tu snacks."

Nikamwambia kwao huko bara hawajui adabu. Akasema adabu yangu itafika Ijumaa ikute dirisha limefungwa. Tukanuniana kama dakika kumi, kisha tukatandika kitanda cha bibi pamoja.

Sasa nije kwa yule mzee wa kwenye picha. Alikuwa babu mzaa mama wa bibi, Mwingereza, mtoto wa kasisi. Alisomea sheria London, akakosa wateja, akapanda meli kwenda Bombay, kwenye mahakama za koloni, ambako kesi zilikuwa tele na mawakili haba. Huko alitetea wafanyabiashara wa pamba, akajifunza lugha yao kiasi cha kuwagombeza, akaugua ini, akachoshwa na majaji. Wafanyabiashara wale walikuwa na ndugu zao pwani yetu, na serikali ilikuwa inatafuta mtu anayewaelewa. Basi wakili akavua joho akawa balozi huko kwetu. Alikaa miaka kadhaa, akaondoka. Binti yake akaolewa na nahodha wa Kimarekani, na hivyo ndivyo sanduku lilivyofika Virginia.

Nilimuuliza bibi maswali mpaka dada wa Laurel akanikanyaga mguu. Nani alikuwa akimfulia kola zile zilizosimama wima? Je, alilala mchana kama watu wa pwani, au alikaa na soksi zake kwenye joto? Alipoacha mahakama, aliwahi kuijutia? Na kubwa kuliko yote: watu walipokuja barazani kwake, nani alimfasiria? Bibi alijibu nusu, na nusu nyingine nadhani aliitunga. Alikuwa na miaka themanini na kitu, miguu imekataa, ila macho yake yalikuwa ya mtoto anayengoja hadithi. Tulipatana kwa sababu hiyo tu, wote wawili wadadisi.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho ya Januari akasema, "Lifungue."

Sanduku lilinuka kafuri na kutu. Ndani mlikuwa na kofia iliyoliwa na nondo, darubini isiyo na kioo, daftari nene la kumbukumbu za kila siku, na bahasha yenye barua tatu. Bibi akaniambia kwamba barua zile ndizo hazina ya ukoo. Mwanamke wa pwani alikuwa akimpenda babu yake, alisema, na akamwandikia mapenzi yake yote, na babu kwa heshima ya mkewe hakumjibu. Kila Krismasi mama yake alikuwa akiisimulia hadithi hiyo. Ushahidi ulikuwa karatasi moja iliyopigwa taipu na profesa fulani aliyepita miaka mingi nyuma, ambaye alijua Kiarabu na Kiswahili kidogo. Bibi alinuia kutoa barua hizo kwa maktaba ya mtaa majira ya kuchipua, kwenye tafrija ya chai, na alitaka mimi nisimame nizisome kwa Kiswahili ili watu wasikie sauti yake.

Nikaichukua barua ya kwanza. Nikaisogeza karibu na macho, kwa maana ilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika bibi yangu mzaa baba. Yeye hakujua hata a ya kizungu, lakini zile za Kiarabu alinifundisha nikiwa na miaka saba, jikoni, kwa kijiti juu ya unga.

Nikasoma. "Kwa jenabi mtukufu, mpenzi wetu mkubwa, azizi, nuru ya macho yetu, Balozi, Mungu akuweke na akuzidishie. Salamu nyingi kuliko matone ya mvua. Hatuna ila shauku ya kukuona uso wako." Ikaendelea hivyo karibu ukurasa mzima. Bibi alifumba macho akatabasamu, na dada wa Laurel akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja uso. Maneno yale niliyajua. Bibi yangu aliwaandikia hivyo hivyo mwenye duka la nazi, shemeji yake wa Tanga, na karani wa kodi ambaye alimchukia. Barua ya kwetu haiingii ndani bila kubisha hodi, na hodi yenyewe ndiyo hiyo. Jambo lenyewe huja chini, baada ya neno *wa baadu*. Nikaitazama karatasi ya profesa. Alikuwa amezitafsiri salamu neno kwa neno, kisha akaandika: yanayofuata ni ya namna hiyo hiyo.

Nikageuza ukurasa. "Wa baadu, nakuarifu kuwa ile karatasi yangu ya uhuru uliyoichukua ili uiandike katika daftari lako haijarudi mkononi mwangu. Nami ninaihitaji, kwani bwana wa zamani amepita mlangoni mara mbili akiulizia habari zangu."

Nilisoma sentensi hizo kimya. Nikamwambia bibi mwandiko umefifia, nitaendelea kesho. Ulikuwa uongo. Niliogopa kumvunjia Krismasi zake zote, na niliogopa kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama.

Jumatano nilivuka barabara mapema, nikasoma ya pili peke yangu. Salamu zilikuwa ndefu zaidi, Mungu anisamehe, zilikuwa tamu kweli. Chini kabisa, pembeni, kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha: "Karatasi, tafadhali, ukipata wasaa." Hizo mbili zilikuwa na mwandiko mmoja mzuri, pengine wa mwalimu wa chuo cha Korani aliyeombwa kuandika. Ya tatu ilikuwa na mwandiko mwingine, herufi kubwa zinazoyumba, za mtu asiyezoea kalamu. Profesa alikuwa ameiandikia: kipande tu, mwanzo umepotea.

Mwanzo haukupotea. Haukuwepo. Barua ilikuwa na mstari mmoja: "Nataka karatasi yangu. Wewe unaondoka na mimi nabaki."

Nilikaa na mstari ule mkononi. Kwetu kumwandikia mtu mzima bila hata salamu ni kama kumvamia chumbani kwake. Nilijaribu kumfikiria mwanamke yule akiikamata kalamu mwenyewe, baada ya adabu yote ile kutomfikisha popote, na nikaona aibu ambayo mwanzoni sikujua ni ya nani.

"Nini? Amekufa mtu?" dada wa Laurel akauliza.

Nikamweleza. Akaweka chini taulo aliyokuwa akikunja.

"Mwambie shosho," akasema, akimaanisha bibi. "Hiyo si yako kuficha. Halafu wewe nawe," akaninyooshea kidole, "ushaona vile inaendanga."

Nikamwambia bibi. Sikujua kusema kwa kuzunguka kwa Kiingereza, na huenda hilo ndilo lililonisaidia. Alilaza mikono juu ya blanketi. Kisha akasema, "Nisomee tena. Zile sehemu tu anazoomba." Nikasoma. Zilikuwa fupi mno bila salamu, hazikufika nusu dakika.

"Alikuwa wakili," bibi akasema. "Wakili husoma mpaka mwisho."

Nilidhani atalia au atanifukuza, lakini yeye akanyoosha mkono kuelekea kwenye daftari. Alitaka kujua. Mimi pia nilitaka kujua, hata zaidi yake: balozi alizielewa akanyamaza, au hakuzielewa kabisa?

Alhamisi asubuhi tulilisoma daftari la balozi, bibi na miwani yake miwili, mimi nikimfunulia kurasa. Wiki za mwisho kabla hajaondoka zilijaa shughuli. Fundi ameharibu makasha. Kasuku amekataa kula. Saa ya ukutani isafiri ndani ya magodoro. Na katikati ya mambo hayo: "Mwanamke yule amekuja tena kunisalimu. Adabu ya watu hawa haina mfano. Nimeagiza apewe kahawa." Siku nne baadaye: "Mwanamke yule tena barazani, salamu ndefu. Karani anasema ananitakia safari njema." Halafu kasuku amekufa, na meli imetia nanga.

Bibi aliguna. "Kahawa," akasema.

Jalada la nyuma la daftari lilikuwa na mfuko wa karatasi, wa kuwekea kadi na vitu vidogo. Nimeshasema nikiona kitu kimefungwa mkono unaniwasha. Nikaingiza vidole viwili. Mlikuwa na karatasi nene iliyokunjwa mara nne, na mikunjo yake ilikuwa mikali, ya kitu ambacho hakikukunjuliwa tena. Nikaikunjua juu ya blanketi. Juu Kiingereza, chini mistari miwili ya herufi za Kiarabu, pembeni muhuri mwekundu. Ilisema aliyeishika ni mtu huru, si mtumwa tena, na asiguswe na yeyote. Ilimtaja jina, ambalo sitaliandika kwa sababu mwenyewe hakunipa ruhusa, na ikamweleza: mwanamke, si mrefu, kovu juu ya nyusi ya kushoto.

Imesafiri na kofia na darubini. Imelala Virginia, chini ya picha, miaka zaidi ya mia, na yeye amebaki kule na kovu lake na yule bwana akipita mlangoni.

Nililia, na siwezi kusema nililia kwa ajili yake peke yake. Bibi alinishika kifundo cha mkono. Aliniuliza kama nadhani mwanamke yule alipata karatasi nyingine, na nikasema sijui. Mpaka leo sijui, na bado inaniwasha. Kuhusu balozi pia sijui. Dada wa Laurel alisema alijua kila kitu, wanaume kama hao hujua. Bibi alisema hapana, alikuwa mpumbavu mwenye kasuku. Mimi niliona kwamba kwa mwanamke yule ilikuwa mamoja.

Kisha bibi, ambaye hakujua habari za pasipoti yangu hata kidogo, akanitazama juu ya miwani. "Angefanyaje?" akauliza. "Niambie wewe unayewajua watu wa kwenu. Angeomba vipi ili aeleweke?"

Dada wa Laurel akakohoa jikoni.

"Angeanza na barua ya tatu," nikasema.

Saa kumi na mbili jioni Baba mdogo alirudi kutoka ubalozini, akavua viatu, akaketi sebuleni kwenye kiti chake na gazeti. Mama mdogo, mkewe, alikuwa akikatakata vitunguu, watoto wako mbele ya televisheni. Nikaja nikasimama mbele yake. Akashusha gazeti kidogo, akangoja shikamoo. Ilikuwa mdomoni mwangu. Nawaambia kweli, niliing'ata.

"Nataka pasipoti yangu," nikasema. "Leo."

Kisu cha Mama mdogo kikanyamaza. Baba mdogo akanitazama kana kwamba mgeni ameingia.

"Hata salamu hakuna?"

"Nataka pasipoti yangu, Baba mdogo. Kesho saa nne chuo kinafunga dirisha."

"Chuo gani?"

"Nilichokwambia mara mbili."

Mtoto mkubwa akauliza kwa Kiingereza kuna nini, mama yake akamwambia atazame katuni zake. Baba mdogo akakunja gazeti taratibu, kwanza katikati, kisha tena, akapanda ghorofani. Nilisikia droo ya meza ikivutwa, ikarudishwa, nyingine ikavutwa. Alikawia. Niliwaza mfuko wa jalada la nyuma, nikawaza kwamba ikibidi nitasimama pale pale kwenye zulia mpaka asubuhi.

Alirudi na bahasha ya kaki. Jina langu lilikuwa juu yake, kwa mwandiko wake mzuri wa kiwakili.

"Kumbe ulikuwa unaihitaji," akasema. "Sasa mbona hukusema?"

Nilimtafuta machoni nione kama anasema kweli, na sikuweza kujua. Nikapasua bahasha. Nikafungua ukurasa wa picha, nikahakikisha sura ni yangu, jina ni langu, na tarehe haijapita. Nikaifunga ndani ya kiganja na kuibana kifuani.

"Shikamoo, Baba mdogo," nikasema.